Nafasi ya Mtoto wa Pili

Ikonge,
11 Mei 2025

Dada yangu Nyanchoka,

Kwa niaba ya ukoo mzima wa Anyona, walimu wenzangu na kamati ya kituo cha majani chai, nina heshima kubwa kukutangazia rasmi kwamba mimi, Mwalimu Manasseh, nimewekewa meno mawili ya mbele. Sherehe ilifanyika Jumatano katika kliniki moja mjini Kisii, ikahudhuriwa na daktari, msichana wa kushika taa, na mimi mwenyewe nikiwa nimefumba macho. Hotuba hazikuwepo. Mgeni wa heshima hakuweza kusema neno mpaka Ijumaa.

Wifi yako Gesare anasema sasa nafanana na mtu anayetafuta kura. Mwanao Ronny ninayekulelea naye kaniambia, "Baba, sasa utasema 'sisi sote' bila kupiga mluzi." Hivyo ndivyo ninavyoheshimiwa katika nyumba hii niliyoijenga mwenyewe.

Mama hajambo, ila goti. Kila Sabato anakuombea kwa majina yako yote matatu, maana anasema huko Minnesota kuna akina Nyanchoka wengi na hataki baraka zako ziende kwa mwingine. Chai inatoa vizuri kwa mvua hii. Ronny amemaliza kozi yake ya umeme na amekwisha kuweka nyaya nusu ya Ikonge. Nusu nyingine bado wananiuliza kama hatawachomea nyumba.

Sasa Mong'ina wa huko kwenu, aliyekuja Magwagwa kumzika baba yake, ameniletea kifurushi chako pamoja na maneno ya ajabu: ati kuna jambo, ati nisikupigie simu, utaniandikia kwa mkono nami nikujibu kwa mkono. Nimeandika ubaoni miaka ishirini na minane, mkono wangu hauogopi. Ninayeogopa ni mimi. Ni jambo gani hilo lisiloweza kupita kwenye simu? Kama umepata mume, sema tu. Nina meno ya kuchekea harusini.

Mong'ina anaondoka Ijumaa na barua hii.

Kaka yako,
Manasseh


Minnesota,
8 Juni 2025

Kaka Mwalimu,

Sisi huku ni wazima, mimi na Natasha wako. Nakupongeza kwa meno. Natasha ameomba picha, akaona, akasema baba yake amekuwa kama mchungaji wa televisheni. Theluji imekwisha. Bado nafanya zamu kule kwa wazee, na yule bibi wangu wa chumba cha tisa bado ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nimezoea, naitika.

Kanisani viti viko wazi. Zamani kulikuwa na utaratibu kwamba maofisa wa uhamiaji hawaingii makanisani kukamata watu. Utaratibu huo umeondolewa, na sasa hata wenye karatasi safi wanasali nyumbani. Mume sina, Kaka. Nimepata wakili.

Simu nimeiogopa kwa sababu wakili amesema jambo hili tusiliandike humo, siku hizi wanazikagua. Nisikilize. Mwaka jana nilipeleka maombi ya uraia ili nimlete Ronny kabla hajafika miaka ishirini na moja, Februari hii inayokuja. Akishapita hapo anaingia kwenye foleni nyingine, na hiyo foleni hakuna anayejua mwisho wake. Kisha serikali ikabadilika, ikaagiza mafaili ya zamani yafunguliwe upya. Faili langu limefunguliwa. Ofisa ameniuliza mambo mawili. Kwanza, kama nina mtoto aliyezaliwa 2005, mbona hayumo kwenye fomu ya bahati nasibu ya viza ya mwaka 2013? Pili, huyu Natasha aliyemo, nilimzaa mimi? Nimepewa tarehe 18 Novemba nirudi na majibu.

Fomu ile uliijaza wewe, Kaka, pale kwenye kompyuta za Onchiri, mimi nikiwa Suneka kwenye meza yangu ya mitumba. Ulinipigia ukasema kompyuta inakubali mtoto mmoja tu, tena imemkataa Ronny kwa sababu cheti chake cha kuzaliwa kina jina lako, basi umemweka Natasha nafasi isipotee. Nikasema sawa, Ronny nitamchukua baadaye. Ubalozini nikaulizwa, "Huyu ni mtoto wako?" Nikasema ndiyo. Hilo ni langu, nitalibeba mwenyewe.

Lakini wakili anataka aliyejaza fomu aandike kwa mkono wake mambo yalivyokuwa siku ile, atie sahihi, na shahidi mmoja. Natasha alikuwa na miaka saba. Anasema mtu mzima akikiri alichofanya, huyo mtoto anaweza kuombewa huruma. Tukinyamaza, ataonekana alikuja na uongo wake mwenyewe. Andika Kiswahili, mkalimani yupo. Wa Ekegusii, lugha yetu, watamtafuta mpaka Yesu arudi.

Usichelewe.
Nyanchoka


Ikonge,
13 Julai 2025

Dada mpendwa,

Barua yako ilikaa posta wiki mbili kwa sababu aliye na ufunguo wa sanduku ni mimi, na mimi nilikuwa nimeupoteza. Ulikuwa ndani ya Biblia, mahali ambapo mzee wa kanisa kama mimi angeutafuta kwanza. Usimwambie mtu.

Habari kubwa huku ni kwamba choo kipya cha kanisa kimepata kufuli, na kufuli imepata kamati, na kamati imenipata mimi kuwa katibu. Tumekaa vikao vitatu. Mpaka sasa wenye haja wanakwenda shambani kwetu. Ng'ombe wetu Malaika amezaa ndama dume. Gesare alitaka jike la maziwa, amenuna. Mama anauliza kama huko kuna unga wa wimbi wa uji, nikamwambia mnapika uji wa mashine, akasikitika. Ronny amepata kazi ya siku tano ya kufunga taa katika shule moja kule Magwagwa. Jioni hizi anakuja amechoka, anakula, anasoma kitabu cha Kiingereza. Anasema anajiandaa.

Kuhusu lile jambo la kompyuta, ninalitafakari. Miaka kumi na miwili ni mingi kwa kichwa cha mwalimu. Onchiri alihamishia biashara yake Nyamira mjini. Nitamtafuta ili tukumbushane.

Msalimie Natasha. Mwambie avae nguo nzito.

Manasseh

Nyongeza: umeandika "hiyo foleni hakuna anayejua mwisho wake" vizuri sana. Nilikufundisha darasa la sita na sijutii.


Minnesota,
17 Agosti 2025

Kaka,

Salamu kwa Mama na Gesare. Sasa najua jina la ng'ombe, jinsia ya ndama na idadi ya vikao vya kufuli. Kilichotokea kwa Onchiri bado sikijui.

Sikutaka kukuandikia hili. Natasha ameacha kwenda chuoni. Anakwenda kazini na kurudi, mapazia yamefungwa mchana kutwa. Juzi alikuwa anaosha vyombo, akaniuliza bila kugeuka: "Shangazi, mimi kwenye karatasi ni nani?" Nilimwambia ni mtoto wetu. Akasema, "Nimeuliza kwenye karatasi."

Nina miaka arobaini, nikachukua kitambaa nikapangusa sahani. Jibu unalo wewe. Liandike.

Nyanchoka


Ikonge,
7 Septemba 2025

Dada yangu,

Tumepokea barua yako. Nilimsomea Mama salamu zake, mengine nikayaruka. Goti limetulia. Ronny aliniuliza, "Baba, Mamangu anasemaje kuhusu safari?" Nikamwambia mambo yanaendelea. Akanishukuru. Sikulala vizuri mchana ule, nami usingizi wa mchana ndio shughuli yangu kubwa.

Maelezo uliyotaka nimeyaandika kwenye karatasi ya peke yake, yako ndani ya bahasha hii. Nayarudia hapa ujue nimesema nini:

"Mimi, Manasseh Anyona, mwalimu, nathibitisha kwamba mwaka 2013 nilijaza fomu kwa niaba ya dada yangu. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na matatizo, na fomu ilikuwa na nafasi ya mtoto mmoja. Ronny alizaliwa nyumbani kwetu mama yake akiwa hajaolewa, na mama yetu akaniomba nimwandikishe kwa jina langu ili familia isisemwe kanisani. Kwa hivyo karatasi zake hazikukubaliwa. Aidha, kwa desturi yetu, watoto wa boma moja hawagawanywi huyu wa nani na yule wa nani; mtoto wa kaka ni mtoto wa dada. Kosa lilitokana na desturi na mtambo."

Nadhani limekaa vizuri. Hilo la mwisho nililipenda hata mimi.

Onchiri bado sijamwona. Nyamira imekuwa mbali siku hizi.

Manasseh


Minnesota,
2 Oktoba 2025

Kaka,

Mama mpe mkono wangu. Ronny mwambie ninamwona mawazoni kila siku.

Maelezo yako sikumpa wakili. Nimeyaweka chini ya godoro. Wiki iliyopita wakili alipata nakala ya faili langu lote, pamoja na ile fomu ya 2013. Imechapishwa, kila mstari, hata uliobaki wazi. Nimeiona.

Sitakuambia nilichoona. Ulinilipia karo ya darasa la nane kwa kuuza baiskeli yako, ukatembea kwenda shule mwaka mzima ukiwaambia watu ni mazoezi. Nimekataa kuwa mimi ndiye wa kukuambia. Niambie wewe.

Tarehe 18 Novemba haijasogea.

Nyanchoka


Ikonge,
19 Oktoba 2025

Dada yangu Nyanchoka,

Leo hakuna tangazo. Mama ni mzima, Gesare ni mzima, ndama anakua. Naandika nikiwa sebuleni, ni mchana wa Jumapili, na Ronny anabadilisha soketi iliyoungua ukutani, hatua tatu kutoka nilipo.

Desturi yetu nimeisingizia. Ni kweli watoto wa boma hawagawanywi. Nimeona wanawake wakinyonyesha watoto ambao si wao bila kuulizana. Lakini siku ile mimi niligawanya. Mtambo nao nimeusingizia. Mtambo ulikuwa mzima.

Ilikuwa Jumatano ya Oktoba, saa tisa alasiri, nimetoka kufundisha. Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa Onchiri hata tunasemezana kwa kupaza sauti. Nilijaza fomu yangu kwanza. Ulikuwa mwaka wangu wa tisa kucheza ile bahati nasibu na hujawahi kuniona nikiandika kwa unadhifu namna ile. Nikamwandika Gesare, nikamwandika Natasha. Kisha tukafungua yako. Tulipofika kwa watoto Onchiri akauliza, "Nyanchoka ana wangapi?"

Nikasema, "Andika Natasha."

Akacheka. "Mwalimu, si huyo tumemwandika kwako sasa hivi?"

"Andika tu."

Nilitaka msichana wangu awe na bahati mbili. Nikikosa mimi, labda utapata wewe. Hayo ndiyo mawazo niliyokuwa nayo, na yanaeleweka, na kama yangeishia hapo ningekuandikia Julai.

Onchiri akaandika. Kisha akaweka kidole kwenye kioo. "Na Ronny je? Mtoto wa pili ni hapa. Hata kumi wanaingia." Nikamwambia cheti cha Ronny kina jina langu. Akasema hilo si neno, cheti hurekebishwa, aliwahi kumsaidia mtu wa Suneka, ilichukua wiki mbili. Nikasema, "Ronny ni wangu."

Onchiri hakuwa na ubaya, aliuliza tu: "Basi mbona hukumwandika kwako?"

Kwenye fomu yako nilisema ni wangu, kwenye yangu nilinyamaza kana kwamba ni wako, na yule mtoto wa miaka minane hakuwa kwa mtu yeyote. Nikamwambia Onchiri mvua imezidi, atume fomu. Akatuma. Nikakupigia simu nikiwa bado mlangoni pake, nikakuambia kompyuta imekataa. Ulisema, "Asante Kaka, umejitahidi."

Umenisikia nikitafuta sababu kwa barua mbili, basi nikupe ile ya kweli. Niliogopa kwamba ukifika huko na mwanao, wangu atakuwa mzigo. Ukiwa na wangu peke yake, utampenda kwa sababu hutakuwa na mwingine wa kumpenda. Na niliwaza kwamba hapa lazima abaki wa kuchuma chai na kumwangalia Mama. Niliyawaza haya yote kabla mvua haijakatika.

Ulipopata ile bahati ungeweza kuambiwa. Ulikuja kutoka Suneka ukilia kwa furaha, ukaniuliza tena, "Kweli Ronny haiwezekani?" Nikasema haiwezekani. Kisha nikaenda mwenyewe kwenye ofisi ya vyeti nikaapa kwamba cheti cha Natasha kimepotea, nikaandikisha kipya chenye jina lako. Kwa hivyo zile wiki mbili za kurekebisha cheti nilizipata. Nilizitumia kwa mwingine. Gesare nilimwambia uongo uleule wa kompyuta. Natasha hakuambiwa kitu. Alijua anakwenda kutembea kwa shangazi.

Nilikwenda Nyamira Jumanne. Ni mwendo wa dakika arobaini, nilikudanganya hata kuhusu umbali. Onchiri amenenepa. Kabla sijakaa akasema, "Mwalimu, nimekungoja miaka kumi na miwili uje uniulize kuhusu ile fomu." Nikamwuliza mbona yeye hakumwambia mtu. Akasema, "Ningemwambia nani? Wewe ndiye mwalimu wa watu wote."

Barua hii ndiyo maelezo yangu, mpe wakili; ninajua atakayoyasema. Ninajua jina langu litaandikwa vibaya huko, na huku kikao cha kanisa kitanihitaji kwa jambo kubwa kuliko kufuli. Sawa. Serikali ya huko imebadilisha masharti yake, nami nimekaa miezi mitatu nikiilaumu. Faili walifungua wao, lakini kilichokuwamo ndani nilikiweka mimi.

Nilipoandika mpaka hapo juu niliweka kalamu chini, nikamwambia Ronny aache kazi asikilize. Hakuacha. Nikamsomea barua hii tangu mwanzo, naye akiwa amenipa mgongo, anakaza skrubu. Gesare alikuja mlangoni na ungo mkononi, akabaki pale pale.

Nilipomaliza Ronny aliuliza, "Kwa hivyo nafasi ilikuwepo."

Nikasema, "Ilikuwepo."

"Ngapi?"

"Kumi."

Akarudisha kifuniko cha soketi. Akachomeka taa, ikawaka, akaizima. Akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akavipanga kwenye mkoba, akatoka. Nilimwona kupitia dirisha amesimama kwenye chai, si kuchuma, amesimama tu, Mama akimwuliza jambo kutoka kwenye kiti chake. Gesare aliweka ungo chini, akaniambia, "Natasha aliondoka na nguo moja ya kubadilisha kwa sababu ulisema ni wiki sita." Akaenda jikoni. Hajatoka bado.

Nimekaa hapa labda saa nzima. Ronny amerudi sasa hivi. Ameosha mikono, ameichukua barua na kuisoma mwenyewe, kila ukurasa.

Amesema, "Mwalimu, hukutia sahihi kila ukurasa. Watasema mmoja umeongezwa."

Miaka ishirini ameniita Baba. Sikumsahihisha.

Nimetia sahihi kila ukurasa. Nikamwambia wakili anataka pia shahidi, kwamba nitamtafuta mzee mmoja kesho. Akasema mzee wa nini, kalamu si hii. Kesho asubuhi ataipeleka yeye mwenyewe Kisii itumwe kwa ndege, ifike kabla ya tarehe kumi na nane. Kilicho hapa chini ameandika kwa mkono wake, na sikumwelekeza.

Manasseh Anyona

Shahidi: nimesomewa na nimesoma haya yote.
Ronny, mtoto wa kwanza wa Nyanchoka.